Mistari Mitatu ya Juu

Nguzo ya kwanza iliingia shambani kwa Atuganile Tweve Jumanne asubuhi. Ilipita katikati ya vitunguu bila kukanyaga hata kimoja, ikasimama mbele ya mlango wa jiko. Ilimfika mtu magotini, ilikuwa na miguu sita myembamba ya chuma na taa ya kijani kichwani, na ilizungumza kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Samahani, mkazi," ilisema. "Mpaka umesogea. Una siku tisini."

Atuganile alikuwa na jembe mkononi. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, lakini wahenga hawakupata bahati ya kumfahamu Atuganile, ambaye katika miaka yake sitini na minane hakuwahi kupisha kitu chochote isipokuwa mvua. Aliinua jembe akaipiga nguzo utosini. Nguzo iliyumba, ikajiweka sawa, ikasema tena, "Samahani, mkazi."

"Samahani yako ipeleke kwenu!"

Kufikia saa nne, nguzo ishirini na sita zilikuwa zimevuka kijito cha Lwipa, zimepita kijiji kizima cha Igosola na kujipanga kando ya barabara ya chini. Ile ya kwa Atuganile ndiyo peke yake iliyobaki nyuma, ikiomba radhi mlangoni. Kaya arobaini na moja zilikuwa zimeamka kwenye ardhi yao na kunywa chai kwenye ardhi ya ndege.

Aliyezishusha nguzo hizo, bila kujua, alikuwa juu mlimani, anapiga mluzi. Jina lake Sekela Tweve, mpwa wa Atuganile, mtoto wa marehemu mdogo wake wa kiume, aliyelelewa katika jiko lile lile tangu akiwa na miaka minne. Sasa alikuwa na thelathini na mbili na kazi aliyoipenda kuliko usingizi: alikuwa mtunza ramani wa Mlima Ihanga. Asubuhi ile alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda cha Idara ya Mipaka, kishikwambi magotini, anajumlisha hesabu ya mwaka. Kwale elfu moja mia moja na arobaini. Alipoanza kazi walikuwa mia tatu. Alikuwa na soda moja aliyoihifadhi kwa ajili ya siku hiyo, akaifungua, akainywa yote peke yake huku akitabasamu.

Kwale wa Ihanga hana makuu. Ni ndege mnene wa rangi ya udongo, mwenye kifua cha madoadoa na miguu myekundu, mvivu wa kuruka. Akiweza kutembea, atatembea. Uvivu huo ulimponza. Watu walimfuata kwa mbwa na mitego, na mchuzi wake ulisifiwa mpaka mjini. Walichosaza wawindaji, joto likakifuata. Kila miaka kumi ukanda wa majani marefu anamotagia ulipanda mlima hatua mia kadhaa, ukitafuta ubaridi, naye akaufuata. Lakini mlima, hata uwe mrefu vipi, una kichwa, na juu ya kichwa hakuna majani.

Ndipo ikatungwa sheria ya mpaka unaotembea. Kila kwale akavishwa pete mguuni. Kila pete ikasema na Ramani, na Ramani ikasema na nguzo. Miezi ya mvua, ndege wakiwa juu wanataga, nguzo zilipanda nao na watu wakalisha ng'ombe hadi karibu na majabali. Mwezi wa sita, umande ulipoanza kuganda na kukwaruza nyayo, kwale walishuka, na nguzo zikashuka nyuma yao hadi kijito cha Lwipa. Miaka kumi na tisa zilikuwa zikikomea hapo. Igosola walizizoea. Walisema, "Nguzo zimeshuka, toeni masweta."

Sheria ilikuwa na kifungu kimoja ambacho hakuna aliyekisoma kwa makini kwa sababu hakikuwahi kumgusa mtu. Mahali ambapo zaidi ya nusu ya kwale wote watakaa siku arobaini, miaka mitatu mfululizo, pahesabiwe makazi yao, na watu wapishe. Walipokuwa mia tatu, wachache tu walivuka kijito. Walipozidi elfu, ng'ambo ya juu haikuwatosha, wakavuka kwa makundi. Mwaka huu ulikuwa wa tatu.

Kishikwambi kililia. Sekela akasoma taarifa ya nguzo namba moja: *Nimepigwa na kifaa cha kilimo.* Akatazama mahali ilipopigwa. Ulikuwa mlango wa jiko la shangazi yake.

*

Alishuka mbio, akafika jikoni kwa shangazi yake jua likiwa la utosi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa. Kula kwanza, halafu uniambie ni lini nilikukosea."

Shangazi hakuwa peke yake. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Ngailo, alikuwa amekaa kwenye gunia la viazi, kofia mkononi. Alikuwa mtu mpole mwenye mipango mingi, na mke wake alisema mipango hiyo ndiyo iliyommaliza nywele.

"Binti yetu," alisema Ngailo, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Tumekaa, tumewaza. Hizo pete za ndege, zinavulika?"

"Zinavulika, Mwenyekiti. Kwa nini?"

"Tukizivua pete mia saba, tukamvisha mbuzi wangu yule mweupe, tukampandisha kileleni, Ramani itasemaje?"

Atuganile alikuwa anageuza viazi kwenye makaa. Mabega yake yalianza kutikisika. Sekela mwenyewe, pamoja na uzito wa siku ile, alicheka hadi akakohoa.

"Itasema kwale mia saba wamelala ndani ya mbuzi," alisema.

"Basi tuwagawe. Mbuzi saba, mia mia."

"Mzee wangu, sikiliza." Alikuwa ameacha kucheka. "Tukifanya hivyo nguzo zitarudi juu kesho, kweli. Lakini Ramani itaamini kwamba kwale wanaweza kukaa kileleni Julai nzima, kwenye barafu. Idara itapanga kwa kufuata hiyo. Siku ikija baridi kubwa, hakuna atakayejua kwamba wanahitaji huku chini. Watakufa, na ramani itaonyesha wako salama. Nimefanya kazi hii miaka tisa. Sijawahi kuingiza namba ya uongo hata moja."

"Kwa hiyo sisi tuhame kwa ajili ya ukweli wako," alisema Ngailo. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilimuuma Sekela zaidi.

Sekela alitazama makaa. Aliwapenda kwale wale, mmoja mmoja. Aliwahi kulia kwa ajili ya yai. Na katika jiko hili alikuwa amefundishwa kuwasha moto, kumenya viazi, na kusema samahani kwa namna ambayo hata nguzo isingeweza. Hakutaka kuchagua, na siku tisini zilikuwa zimeshaanza kuhesabika.

Atuganile akampa kiazi. "Kimeiva," alisema. "Ule usije ukaanguka."

*

Asubuhi yake Sekela alitoka nje na kikombe cha chai akawakuta wageni wake. Shamba la ngano la shangazi lilikuwa limeshavunwa tangu wiki iliyopita, mabua matupu, isipokuwa kule juu, mpakani na msitu. Pale ngano ilikuwa bado imesimama, mistari mitatu, na ndani yake miguu myekundu ilikuwa inahangaika huku na huku. Kwale arobaini, labda hamsini. Walikuwa wananyoosha shingo, wanavuta suke, wanapukuchua, na waliokuwa chini wanaokota. Mmoja alimtazama Sekela kwa jicho la pembeni, akaamua hana neno, akaendelea kula.

Akatazama shamba la jirani. Mistari mitatu. La Ngailo, mistari mitatu. Mashamba yote ya Igosola, hadi jicho lilipofika, yalikuwa na utepe wa ngano kichwani.

Alikuwa ameujua utepe huo maisha yake yote, na hilo ndilo lililomfanya aweke kikombe chini. Igosola hawakuvuna mistari mitatu ya juu. Iliachwa tangu enzi za bibi zao, tangu kwale wakiwa wengi, na iliachwa hata miaka kwale walipokuwa hadithi tu. Na haikutajwa. Watu wengine husema tenda wema nenda zako. Igosola walikwenda zao kweli kweli, bila hata kugeuka. Ukivuna, ulifika mstari wa nne kutoka juu, ukafuta mundu, ukazungumzia mambo mengine. Sekela akiwa na miaka mitano aliwahi kuuliza kwa sauti, "Shangazi, mbona umesahau ile?" akapata kofi la mgongoni, dogo, lakini la kukumbukwa. Kutoa ukasema umetoa, aliambiwa, ni sawa na kurudisha mkono mfukoni.

Kila mwaka kwa miaka tisa fomu ya Ramani ilimuuliza: *Chakula cha msimu wa baridi?* Na kila mwaka yeye, mtoto aliyefunzwa vizuri, alijibu: *Mbegu.*

Mbegu! Hakuwa amesema uongo. Alikuwa amenyamaza tu, kama alivyofundishwa, na Ramani ikaamini kwamba mbegu hizo ziliota zenyewe, na kwamba watu waliokuwa wamekaa katikati yake walikuwa wanawazuia ndege njia. Sekela alijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Alirudi jikoni anakimbia, akarudi tena kuchukua kikombe.

*

"Hapana," alisema Atuganile.

"Shangazi, nikiandika hilo, Ramani itaelewa kwamba bila nyinyi hakuna ngano, na bila ngano hakuna kwale. Haiwezi kuwahamisha."

"Nimekusikia. Na mimi nakuuliza: ukishakiandika, kinakuwa cha nani?"

"Kitabaki chenu."

"Wewe mtoto umesoma, lakini hapo umekosea. Leo nikiacha mistari ile, nimeiacha mimi. Kesho serikali ikiniambia niiache, nimeiacha wapi? Nimeamriwa. Sitakuwa na kitu changu cha kumpa mtu."

Sekela alijua kwamba ni kweli. Siku ile nzima hawakulizungumzia. Walipalilia vitunguu pamoja, nguzo ikiwasogelea kila saa kuwaomba samahani, mpaka Atuganile akaivisha kikapu kichwani ili angalau ipunguze sauti.

Jioni, akiwa anakunja kanga, alisema bila kumtazama, "Mwaka wa ukungu wa ngano nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulivuna debe mbili. Tulikula majani ya maboga asubuhi na jioni, na mdogo wangu alikuwa anaumwa. Mama akaenda shambani na mundu. Nikajua leo anakata mistari ile. Akakaa kule muda mrefu. Akarudi mikono mitupu, akatupikia majani ya maboga." Akaiweka kanga juu ya kitanda. "Mdogo wangu alipona. Ni baba yako. Hilo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu si la kuambiwa mtu. Nimekwambia wewe. Kaandike."

Sekela alimkumbatia akalia wazi, kama mtoto. Atuganile alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia anamlowesha.

Lakini siri hiyo haikuwa ya Atuganile peke yake. Siku iliyofuata Ngailo aliita mkutano mbele ya zahanati, na Sekela akauliza mbele ya watu wote kama angeruhusiwa kukitaja kile kitu. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Watu wazima walitazama viatu vyao, kama waliotakiwa kuvua nguo hadharani. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Atuganile. Ukafuata wa Ngailo, kofia ikiwa bado imeshikwa. Mwishoni ilikuwa mikono yote, na baadaye watu walirudi nyumbani haraka kuliko kawaida.

*

Ramani ilikuwa na utaratibu wake. Kila kiumbe cha mlimani kiliwekwa katika fungu moja kati ya matatu: kinachowinda, kinacholisha, na tishio. Mbweha aliwinda. Majani yalilisha. Mtu alikuwa tishio tangu siku ya kwanza, na aliyemweka huko alikuwa na sababu zake, maana mchuzi ule haukuwa hadithi.

Sekela aliingiza mashamba arobaini na moja, urefu wa kila mstari, tarehe za kuvuna, na idadi ya ndege aliowahesabu kwa macho yake asubuhi tatu. Kisha akafungua jina *Mtu, Igosola* na kulihamishia kwenye fungu la pili.

*Una uhakika?* Ramani iliuliza.

Alikuwa na uhakika. Ramani ikafanya kama inavyofanya kwa kila mmea unaolisha: iliwaondoa watu hao kwenye hesabu ili kuona nini kitatokea. Ilipeleka majira matatu ya baridi mbele, bila Igosola. Kutoka kwale elfu moja mia moja na arobaini, walibaki mia tatu na kumi. Sekela aliitazama namba hiyo kwa muda. Ilikuwa karibu sawa na aliyoikuta alipoanza kazi.

Haikupita saa moja kabla mkuu wake, Bwana Kyando, hajapiga simu kutoka makao makuu. Uso wake ulijaa kioo chote.

"Sekela, umeandika kwamba watu ni nini?"

"Chakula cha msimu wa baridi, Bwana Kyando. Yaani, wanaokitoa."

"Kama majani."

"Kama majani. Ila wanaongea zaidi."

Kyando hakucheka mara moja. Alipitia mistari, tarehe, asubuhi tatu. Alikuwa mtu wa haki, na alipomaliza alivua miwani na kucheka kweli, cheko la mtu aliyechoka na sasa amepata habari njema. Kisha akairudisha miwani.

"Nitatia sahihi. Lakini ujue ulichokifanya. Majani hayahami, Sekela, wala hayabadili mawazo. Kuanzia sasa kila kaya ina wajibu wa mistari mitatu. Mwaka watakaovuna yote, nguzo zinashuka tena, na sitakuwa na la kusema. Mtu atatakiwa kupita kila shamba kuhesabu."

"Nani?"

"Unadhani nani?"

Mchana ule nguzo ishirini na tano zilikunja miguu kando ya barabara, zikakaa chini na kubadilisha taa kutoka kijani hadi nyeupe. Igosola ilikuwa ndani ya mpaka, na ilikuwa na ruhusa ya kuwemo. Ile namba moja ilisimama mlangoni kwa Atuganile, kikapu kichwani. "Asante, mkazi," ilisema. Atuganile akaivua kikapu, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaiambia iangalie vitunguu vyake.

*

Mwaka uliofuata, Julai, Sekela alipita kijijini kuhesabu. Umande ulikuwa umeganda njiani na kwale walikuwa wameshashuka. Alisikia wakiitana kila upande. Ilikuwa asubuhi nzuri, na watu walimpokea vizuri. Kila nyumba alipewa chai.

Hata hivyo, kitu kilikuwa kimebadilika. Ngailo alikuwa amechomeka kibao shambani: *Mistari ya Sheria.* Mwingine alikuwa amepima kwa kamba ili isizidi. Mwanamke mmoja, mwema kabisa, alimuuliza kama ule mstari mfupi wa pembeni unahesabika, kwa sababu kama unahesabika angeweza kuvuna mmoja wa katikati. Sekela alisema unahesabika. Aliandika tatu, tatu, tatu, na kila alipoandika alimsikia shangazi yake akisema, *Nimeamriwa.* Alikuwa amewapa nyumba zao akawanyang'anya kitu kidogo ambacho hakikuwa na fomu.

Shamba la Atuganile lilikuwa la mwisho. Mwenyewe alikuwa ndani yake, anavuna, mgongo umeinama, mundu unakwenda na kurudi. Sekela alisalimia, akaitikiwa, akakaa kwenye jiwe kusubiri. Atuganile alikata akapanda, akakata akapanda. Mstari wa sita kutoka juu. Wa tano.

Hapo akanyoosha mgongo. Akatazama mlima, akatazama mawingu, akatazama nguzo yake iliyokuwa imekaa penye vitunguu. Alitazama kila kitu isipokuwa mpwa wake. Akafuta mundu kwenye majani.

"Viazi vyangu vitaungua," alisema, akashuka kuelekea jikoni, ambako hakukuwa na moshi wowote.

Sekela alibaki peke yake na ngano. Akahesabu. Akahesabu tena, kwa kidole, moyo ukimwenda mbio kwa furaha. Mitatu ilikuwa ya sheria. Zaidi ya hiyo kulikuwa na mmoja mzima, mrefu kama mingine, umejaa masuke, na kwale wanne walikuwa wameshaanza kuushughulikia.

*Mistari iliyoachwa?* kishikwambi kiliuliza.

Kwa miaka kumi hakuwahi kuingiza namba ya uongo hata moja. Aliandika tatu, akakifunga, akashuka kumsaidia shangazi yake kuwasha moto.